Matete Mawili Chini ya Jiwe

Baba yangu hakuwa mvuvi. Naomba hilo lieleweke mapema, maana siku ya mazishi mhubiri alimwita mvuvi mbele ya watu wote, nikakasirika mpaka mama akanishika mkono. Wavuvi wako ziwani, wana mashua na nyavu, na samaki asipopatikana watoto wao wanalala njaa. Baba alikuwa fundi wa baiskeli mjini Busia. Siku sita za wiki alichuchumaa kando ya barabara akinyoosha rimu na kuziba pancha za wale waliokuwa wakivusha watu na magunia mpakani kwa baiskeli. Siku ya saba alienda kanisani, akarudi, akala, akavaa gambuti zake, akachukua ufito wake na kopo la nyungunyungu, akashuka mtoni. Alikuwa anapumzika, basi.

Hiyo habari ya kupumzika majirani hawakuielewa kabisa. Kwetu mtu mzima akikaa chini mchana kutwa, ama ni mgonjwa ama amelewa. Mama mwenyewe alikuwa akimchokoza. "Ameenda kuwasalimia samaki wake," angewaambia wageni. "Wakimruhusu, atarudi na mmoja." Na kweli mara nyingi alirudi na mmoja, mumi mwembamba wa kumtia mtu aibu, naye baba akimkabidhi mama kana kwamba ameleta ng'ombe.

Nyumbani kwetu ni upande wa chini wa Busibwabo. Ukishuka kwa miguu nusu saa, ukipita mashamba ya mihogo na lile bonde la matope, unafika Mto Sio, ambao pale ndio mpaka. Upande huu Kenya, upande ule Uganda, na katikati maji ya rangi ya chai ya maziwa. Baba alikuwa na mahali pake, jiwe pana lililoingia majini kidogo. Na upande wa pili, mkabala na jiwe hilo, kwenye mzizi wa mti uliotokeza nje, alikuwa akikaa mtu mwingine.

Jina lake sikulijua, na baba pia hakulijua. Alimwita Ng'ambo. Yule naye alimwita baba Ng'ambo, kwa sababu kwake sisi ndio tuliokuwa ng'ambo. Walianza kuonana pale kabla sijaanza shule, na mimi sasa nina mvi.

"Mulembe, Ng'ambo!"

"Mulembe! Huko kwenu mmeamkaje?"

"Tumeamka. Samaki umewafunga wote huko kwako?"

"Ningekuwa nimewafunga ungesikia harufu ya mchuzi!"

Mazungumzo yao yalikuwa hayo, wakipaaza sauti juu ya maji, kisha kimya cha saa nzima, kisha mmoja anauliza bei ya mahindi. Kikwetu na kikwao vinasikilizana, kwa hiyo lugha haikuwa kizuizi. Nyungunyungu wakimwishia mmoja, mwenzake alifunga wachache kwenye jani la mgomba na kokoto ndani yake, akamrushia. Mvua ndefu zikianza na ningu wakipanda kutoka ziwani kwenda kutaga, wa kwanza kumpata ningu alimwinua juu kwa mikono miwili, na mwenzake alivua kofia. Niliwahi kuona hilo nikiwa mdogo, wazee wawili wazima, mmoja ameinua samaki, mwingine ameshika kofia kifuani, na nikacheka mpaka baba akanifukuza kwenye jiwe.

Lakini hawakuvuka, hata kiangazi, maji yakiwa ya magotini. Nilimuuliza baba sababu, akaniangalia kama mtoto asiye na akili.

"Nikienda kwake mimi ni mgeni," alisema. "Mke wake atakimbiza kuku. Nitaulizwa ukoo, nitaulizwa kanisa, wiki ijayo nitaletewa kadi ya mchango wa harusi. Hapa mimi ni mtu tu, na yeye ni mtu tu. Wacha tukae hivyo."

Kitu kimoja tu ndicho kingewavusha, na walikuwa wamekubaliana juu yake tangu mwanzo. Kama mmoja hangekuja Jumapili kwa sababu ya safari au shughuli, alikuwa akikata tete na kulisimika wima kwenye udongo wa ukingo wake, mwenzake alione. Maana yake: nimesafiri, nitarudi, nisubiri. Lakini kama ni ugonjwa, ugonjwa wa kumlaza mtu, basi matete yangekuwa mawili, yamelazwa chini kwa kupishana, na jiwe juu yake. Maana yake: ninaumwa, vuka uje.

Baba alinionyesha hayo nikiwa na miaka kama kumi. Nikamuuliza kama wamewahi kulaza.

"Bado," alisema. "Mungu apishe mbali."

Kwa hiyo macho yangu yalizoea tete lililosimama. Niliyaona mengi, yake na ya Ng'ambo, msimu baada ya msimu. Lililolala sikuwahi kuliona. Silitaji hilo ili nijitetee, ila ndivyo ilivyokuwa.

Nilikua, nikaondoka. Leo mimi ni wakala wa forodha pale Malaba. Kazi yangu ni kukimbizana na karatasi za malori, kubishana na madereva, kubembeleza, kupiga simu, kupigiwa simu. Jumapili yangu mimi ni kochi. Najitupa hapo na rimoti, natazama timu za Uingereza zikicheza, huku simu iko kifuani ikitetemeka. Mwanangu wa kike anasoma chuo pale Alupe, na Jumapili yake yeye ni simu tupu, bila hata kochi. Baba alikuwa akitutazama sote wawili tukija kumsalimia, kila mmoja ameinamia kioo chake, anatikisa kichwa.

"Hivi ninyi mnapumzika saa ngapi?" aliuliza siku moja.

"Si ndio tunapumzika, babu," mwanangu akajibu bila kuinua macho. Baba alicheka sana kwa jibu hilo. Alilirudia kwa mama mara mbili.

Mwanangu ndiye aliyemuuliza pia kwa nini asichukue namba ya simu ya Ng'ambo. Baba alikuwa na kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, kwa miaka mingi, na bila shaka Ng'ambo naye alikuwa nayo. "Nimpigie nimwambie nini?" baba alisema, na alishangaa kweli. "Nikitaka kumwona naenda namwona."

Ule mto nao ulikuwa umebadilika. Wachimba mchanga waliula ukingo pande zote mbili. Ningu waliacha kupanda, kwanza wakawa wachache, halafu mvua ikanyesha mwaka mmoja na hakuna aliyevua kofia. Baiskeli ziliondoka barabarani, pikipiki zikaja, na baba akabaki na wateja wachache wauza maziwa na wanafunzi wawili watatu. Wale wazee waliendelea kukaa pale. Nilishuka siku moja nikawakuta, ndoano zimo majini, hakuna kinachogusa. Nikamwambia baba, mzee, humu hamna samaki. Akaniambia, "Kwani nani amekwambia tumekosa?" Nilidhani uzee umeanza kumchezea.

Kisha ikaja asubuhi ile mama aliponipigia, anaongea haraka mpaka simwelewi. Baba alikuwa ameanguka akifunga kamba za viatu. Kiharusi. Upande wa kushoto wote ulikufa. Maneno yalimrudia baada ya siku kadhaa hospitalini, ya polepole, yameteleza upande mmoja wa mdomo, lakini yalikuwa yake. Walipoturuhusu kumrudisha nyumbani, tuliweka kitanda chake sebuleni, karibu na mlango, ili aone ua, na njia ya mtoni inayopita pale mbele.

Jumapili ya kwanza nilifika kutoka Malaba kabla ya chakula cha mchana. Aliniita karibu.

"Nenda mtoni," alisema. "Niwekee matete."

"Sawa, mzee."

"Mawili. Na jiwe."

"Nimesikia."

"Nenda sasa hivi. Leo amekaa pale."

Nikaenda. Mvua zilikuwa zimeanza. Nilikuwa na viatu vya kazi, na lile bonde la matope likanivua kimoja. Simu iliita njia nzima. Dereva mmoja alikuwa amekwama getini Malaba na kontena ambalo namba yake haikulingana na karatasi, na kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyeiandika vibaya. Mwenye mzigo alinipigia akinitukana kwa Kiingereza, dereva akanipigia akinitukana kwa Kiswahili, utingo wake alisikika nyuma akichangia. Nilifika ukingoni simu imebanwa kati ya sikio na bega. Maji yalikuwa yamejaa. Upande wa pili hakukuwa na mtu bado, labda mvua ilikuwa imemchelewesha. Nilivunja matete mawili kwa mkono mmoja, nikayachomeka kwenye udongo yakasimama, nikasema kwenye simu, "Boss, nipe saa moja tu, naweka mambo sawa," nikageuka kupanda.

Nilikuwa nusu ya njia nilipohisi kuna kitu. Unajua vile mtu anavyopapasa mfuko akidhani amesahau ufunguo. Lakini simu ikaita tena.

Baba alikuwa macho aliponiona mlangoni, matope mpaka magotini.

"Umelaza?"

Hapo ndipo kilipokuja. Aliposema neno hilo, nikayaona yale matete yangu akilini, yote mawili yamesimama wima kama askari wajinga. Jibu sahihi lilikuwa, hapana baba, nimekosea, ngoja nirudi. Ni nusu saa kushuka, nusu saa kupanda. Lakini miguu ilikuwa imelowa, mwenye kontena alikuwa akinisubiri Malaba, na macho ya baba yalikuwa yamenikazia.

"Nimelaza," nikasema.

"Na jiwe?"

"Na jiwe."

Alifumba macho akashusha pumzi. "Asante," alisema. Baba hakuwa mtu wa kuniambia asante.

Nilijiambia nitarudi kesho. Kesho yake nilikuwa Malaba mpaka jioni, na siku iliyofuata vilevile. Jumapili ya pili nilipofika, nilikuta baba ameogeshwa na kuvalishwa shati jeupe la kanisani, ameegemezwa kwenye mito anatazama njia. Mama alikuwa amefunga jogoo mmoja mwekundu mguu kwenye nguzo ya jiko.

"Huyo ni wa Ng'ambo," mama aliniambia kwa sauti ya chini. "Baba yako amesema asiguswe na mtu."

Ningeweza kushuka mtoni siku hiyo. Lakini njia inapita mbele ya kitanda chake, naye alikuwa ameikodolea macho tangu asubuhi. Angeniuliza ninaenda wapi. Ningejibu nini? Kama nimelaza, ninashuka kufanya nini tena? Nikakaa. Nikanywa chai. Nikasema, "Maji yamejaa sana, mzee. Atasubiri yapungue." Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

"Kweli," baba akasema. "Yeye si kijana."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kumsubiri. Kila Jumapili shati jeupe. Kila Jumapili mama anapiga pasi kitambaa cha meza. Mbwa akibweka, baba anageuza uso mlangoni, upande ule mzima wa uso wake unachangamka. Anakuwa ni mtu wa kuuza mboga, au jirani amekuja kuazima jembe. Mvua ikakatika. Jua likawaka. Hata mimi niliona kutoka uani kwamba ile hadithi ya maji kujaa imekwisha.

"Uliweka mahali pangu?" aliniuliza Jumapili moja. "Penyewe?"

"Penyewe kabisa."

"Jiwe lisiwe dogo, ng'ombe wakapita wakalisukuma."

"Lilikuwa kubwa, mzee."

Haki ya Mungu, sijui nilikuwa mtu wa namna gani. Nimejiuliza mara nyingi. Sikuwa na chuki naye. Nilimpenda. Niliona aibu tu, na kila wiki iliyopita aibu hiyo ilinenepa, mpaka ikawa rahisi kumwacha baba asubiri kuliko kumwambia kwamba mtoto wake alishindwa kulaza matete mawili chini. Na ndani yangu, nisiseme uongo tena, kulikuwa na sauti iliyosema: hayo ni mambo ya wazee, mchezo wa mtoni, nani atakufa kwa ajili ya tete.

Jumapili ya saba hakutaka shati. Mama alimletea, akageuza kichwa.

"Kumbe yalikuwa maneno tu ya mtoni," alisema. Alisema kwa utaratibu, akilitafuta kila neno. "Mimi ningevuka. Hata kwa kutambaa."

Mwanangu alikuwapo siku hiyo, simu yake imelala chini kwenye mkeka, anamshika babu yake ule mkono uliokufa.

"Chinjeni huyo jogoo," baba akasema. "Watoto wale."

Mama alisita. Baba akarudia. Jogoo akachinjwa. Tulikula na ugali mezani juu ya kile kitambaa kilichopigwa pasi, na mimi, kwa kuwa ndiye mwanamume mkubwa, niliwekewa paja. Nililimaliza.

Baba alikufa Alhamisi iliyofuata, mchana, mama akiwa ameenda kisimani.

Tulimzika vizuri. Watu walikuja mpaka kutoka Khunyangu, kwaya iliimba siku mbili na vipaza sauti, mhubiri akasema lile neno lake la mvuvi. Baada ya mazishi, turubai zikiondolewa, Jumapili ikafika tena. Kitanda sebuleni kilikuwa kimetolewa. Hakukuwa na mtu wa kuniuliza ninaenda wapi. Nikashuka mtoni.

Matete yangu yalikuwa pale, yamesimama. Moja lilikuwa limekauka. La pili lilikuwa limeshika mizizi, limetoa jani bichi juu. Maji yalikuwa chini, mchanga umeonekana katikati. Na upande wa pili, kwenye mzizi wake, mzee amekaa, kofia kichwani, ufito mkononi.

Aliinuka aliponiona. Ilimchukua muda kuinuka.

"Mulembe! Wewe ni wa Ng'ambo?"

"Ni mimi mtoto wake!"

"Safari yake imekuwa ndefu!" alipaaza sauti, anatabasamu, naona meno mawili matatu. "Amerudi?"

Kifo hawakuwa wamekiwekea alama. Walikuwa na ya safari na ya ugonjwa tu. Basi nikafanya lile nililotumwa. Nikaling'oa lile bichi, nikaling'oa na lile kavu, nikayalaza kwenye jiwe la baba kwa kupishana, nikatafuta jiwe lingine, kubwa, nikaliweka juu.

Tabasamu lake likaisha. Aliweka ufito chini, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini. Maji yalipita pale alipokunja, yakafika mapajani, naye anakuja tu, mkono mmoja umeshika kofia, kwa miguu ile ya uzee inayotafuta mahali pa kukanyaga. Nilishuka nikamshika mkono nikamvuta juu. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga upande wetu.

"Ameugua lini?" alisema. "Twende. Twende, yuko wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pale pale, kwa sababu hakuna njia nyingine iliyokuwa imebaki. Alikaa kwenye jiwe la baba, kando ya matete. Akaanza kukamua maji kutoka kwenye suruali kwa kiganja.

"Vipaza sauti nilivisikia," alisema. "Siku mbili. Nikasema, maskini, kuna watu wamefiwa huko." Akanyoosha kidole kwenye mzizi wake ng'ambo. "Mimi nilikuwa pale. Kila Jumapili nilikuwa pale. Matete yalikuwa yamesimama, nikajua atarudi."

Aliomba kuliona kaburi. Tulipanda polepole, tukipumzika mara kwa mara, hakunitukana hata kidogo, na ningependa angenitukana. Tulipofika uani, mama alitoka jikoni akipangusa mikono. Alimwona mzee asiyemjua, peku, suruali imelowa mpaka mapajani, kofia mkononi, naye akajua ni nani. Alitazama ile nguzo ya jiko, kamba ya jogoo bado imefungwa pale. Kisha akanitazama mimi.

"Baba," aliniambia, vile anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "yale matete uliyalaza lini?"

"Leo, mama," nikasema.